Tendo Bila Mtenda: Uhakiki wa Lugha ya Sheria ya Utoaji Mimba na Tiba ya Mimba Iliyoharibika Jijini Juba

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha ambayo Sheria ya Kanuni ya Adhabu ya Sudan Kusini ya mwaka 2008 inaitumia kulitaja kosa la kutoa mimba, na athari za lugha hiyo kwa tiba ya mwanamke ambaye mimba yake imeharibika yenyewe. Hoja kuu ni kwamba sheria imeliita kosa kwa jina la msiba, na kwa sababu hiyo kila msiba wa aina hiyo unaweza kushukiwa kuwa kosa. Kiswahili, kwa mnyambuliko wa vitenzi vyake, kina uwezo wa kutenganisha mambo hayo mawili. Hata hivyo, makala yanaonya kuwa utengano unaofaa katika kifungu cha sheria unaweza kudhuru ukihamishiwa wodini. Inapendekezwa kwamba sheria iseme kwa uwazi, na mhudumu wa afya asilazimishwe kuuliza chanzo.

1. Utangulizi

Mwanamke anayefika hospitalini Juba akitokwa na damu katika mwezi wa tatu wa ujauzito hueleza hali yake kwa lugha moja, huandikwa kwa lugha ya pili, na ikitokea akashtakiwa, huhukumiwa kwa maneno ya sheria ambayo huenda hajapata kuyasikia. Kitandani husemwa Kibari, Kidinka, Kinuer au Kiarabu cha Juba. Katika faili huandikwa Kiingereza, ambacho Katiba ya Mpito ya 2011 imekitambua kuwa lugha rasmi ya kazi. Kiswahili nacho kimo. Kimeletwa na waliorejea kutoka kambi na shule za Kenya na Uganda, na wafanyabiashara wa barabara ya Nimule, na wahudumu wa afya waliosomea nchi jirani. Tangu Sudan Kusini ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, lugha hiyo imepata pia sababu ya kiserikali ya kuwapo.

Mazingira haya ya lugha si jambo dogo katika nchi ambayo uzazi wenyewe ni hatari. Utafiti wa kaya wa mwaka 2006 ulikadiria vifo 2,054 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000 katika eneo ambalo wakati huo liliitwa Sudan ya Kusini. Makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliyotolewa mwaka 2023 yaliweka idadi ya mwaka 2020 kuwa 1,223. Kutokwa na damu na maambukizi ni miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo vya namna hii popote duniani, na mimba iliyoharibika bila kutibiwa inaweza kuleta vyote viwili. Kwa hiyo, swali la neno gani limetumika kumwita mgonjwa huyu linahusu pia muda atakaosubiri kabla ya kutibiwa.

2. Neno moja kwa matukio mawili

Asili ya tatizo iko nje ya Juba. Kanuni ya Adhabu ya Sudan ya mwaka 1899 ilifuata mfano wa Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860. Kanuni hiyo ya India haikulitaja kosa kwa neno la pekee. Ilimwadhibu yeyote ambaye kwa hiari yake anamsababisha mwanamke mwenye mimba aharibikiwe nayo, isipokuwa kama amefanya hivyo kwa nia njema ili kuokoa uhai wa mwanamke huyo. Ikaongeza kwamba mwanamke anayejisababishia mwenyewe naye yumo. Uingereza ilipotunga sheria yake ya mwaka 1861 kuhusu makosa dhidi ya mwili wa binadamu, nayo ilitumia nomino hiyohiyo, miscarriage. Kutoka kisima hicho yalichotwa maneno ya kanuni za adhabu za Kenya, Uganda na Tanzania. Sheria ya Sudan Kusini ya 2008, iliyotungwa miaka mitatu kabla ya uhuru, imebaki katika ukoo huo: kosa ni kusababisha miscarriage, na kinga ni nia njema ya kuokoa uhai.

Upande wa tiba mambo yalikwenda kinyume. Kwa muda mrefu madaktari wa Kiingereza waliita kila mimba iliyotoka kabla ya wakati abortion, iwe imetoka yenyewe au imetolewa. Iliyotoka yenyewe ilipewa kivumishi tu cha kuonyesha kuwa haikusababishwa. Mwaka 1985 madaktari watatu, Beard, Mowbray na Pinker, waliandika katika jarida la Lancet wakipendekeza kwamba mwanamke aliyepoteza mimba asiambiwe neno hilo, kwa kuwa linamuumiza. Matumizi yalibadilika polepole katika mazungumzo na wagonjwa, lakini neno la zamani halijafutika katika mafaili wala katika mitaala.

Matokeo yake ni mkingamo wa ajabu. Sheria imelichukua neno ambalo kwa watu wengi lina maana ya msiba na kulitumia kwa kosa. Tiba nayo ililichukua neno ambalo kwa watu wengi lina maana ya kosa na kulitumia kwa msiba. Askari anayesoma faili la hospitali anakutana na neno la mashtaka. Mhudumu anayesoma sheria anakutana na jina la ugonjwa anaoutibu. Hakuna kati yao aliyekosea kusoma. Maandishi mawili ya dola moja ndiyo yaliyobadilishana majina.

Kiarabu, ambacho kina historia ndefu ya kiutawala Juba, hakiondoi utata huo, kwa maana neno ijhadh laweza kubeba maana zote mbili. Hata hivyo, Sheria ya Jinai ya Sudan ya mwaka 1991, iliyotungwa Khartoum, ilionyesha kwamba mtunzi wa sheria anaweza kulitenganisha jambo akitaka. Iliorodhesha, miongoni mwa hali zisizo kosa, ile ambayo imethibitika kuwa kiumbe kimekwisha kufa tumboni mwa mama. Kifungu hicho kina faida na kasoro. Faida ni kwamba kimekiri kuwapo kwa mgonjwa ambaye hana cha kutoa isipokuwa kilichokwisha kufa. Kasoro iko katika sharti la kuthibitika. Uthibitisho unataka kipimo, mtaalamu na muda, na mwanamke anayetokwa na damu anaweza kuvikosa vyote vitatu.

3. Ushahidi wa sarufi ya Kiswahili

Kiswahili kinalishughulikia jambo hili kwa mwundo wa kitenzi. Mimba imetoka, mwanamke ametoa mimba. Mimba imeharibika, fulani ameiharibu mimba. Katika kila jozi, sentensi ya kwanza haina mtenda na haiachi hata nafasi ya kumtafuta. Ya pili haiwezi kukamilika bila yeye. Kauli ya kutendeka, kwa kiambishi chake -ik-, humweleza msikilizaji kuwa hali imetokea, na msikilizaji hana haki ya kisarufi ya kuuliza nani.

Lugha inakwenda mbali zaidi. Mwanamke mwenyewe husemwa kuwa ameharibikiwa na mimba. Kitenzi hicho kimejengwa kwa kutendeka, kisha kutendea, kisha kutendwa, na mnyambuliko huo humweka mhusika katika nafasi ya aliyepatwa. Una nasaba ya maana na kufiwa. Aliyefiwa hakufa wala hakuua. Kifo kimempita karibu na kumwachia hasara. Vivyo hivyo aliyeharibikiwa: sarufi imemweka miongoni mwa wafiwa kabla mtu yeyote hajamhoji. Kwa nomino za tendo, Kiswahili kina utoaji mimba na, hasa katika vyombo vya habari vya Kenya, uavyaji mimba. Haya ni maneno yenye mtenda ndani yake.

Basi hatari inakuja wapi? Inakuja katika tafsiri. Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Jumuiya ya Afrika Mashariki inazidi kukipa Kiswahili nafasi rasmi, na Kamisheni yake ya Kiswahili ina makao Zanzibar. Siku ambayo sheria za Juba zitahitaji toleo la Kiswahili, mfasiri atakutana na ile nomino ya Kiingereza. Akifuata kamusi, ataandika kwamba ni kosa kusababisha mimba kuharibika. Tafsiri hiyo itakuwa sahihi kwa neno na itakuwa na madhara kwa maana, kwa sababu italichukua neno la wafiwa na kulipeleka kituo cha polisi. Utata ambao leo umo katika Kiingereza pekee utakuwa umepandwa katika lugha iliyokuwa imeuepuka.

4. Kutoka kifungu hadi kitandani

Inaweza kudaiwa kwamba maneno ya sheria hayamfikii mgonjwa, kwa kuwa wachache wameisoma. Dai hilo halizingatii jinsi tiba ya mimba iliyoharibika inavyofanyika. Mabaki yakisalia katika mji wa mimba, mhudumu huyaondoa kwa kifaa cha kufyonza cha mkono au kwa dawa kama misoprostoli. Vifaa na dawa hizohizo hutumika kutoa mimba. Isitoshe, dalili za mwili kwa kawaida hazimwambii mhudumu kama mimba ilitoka yenyewe au ilichokozwa kwa dawa iliyomezwa: damu ni ileile, maumivu ni yaleyale, tiba ni moja. Katika Kiswahili cha mitaani tendo hilo huitwa kusafishwa, na neno hilo pia halisemi chanzo. Pale ambapo mwili hausemi na vifaa havisemi, kinachobaki cha kumtenga mwenye msiba na mwenye kosa ni dhana ya anayemtazama.

Dhana hiyo ina uzito wa pekee Juba. Jennifer Palmer na Katerini Storeng, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na uliotokana na mahojiano na watu 54 kati ya 2013 na 2015, walionyesha jinsi vuguvugu la ukombozi lilivyowahimiza wanawake wazae ili kufidia waliopotea vitani, na jinsi mabishano juu ya uzazi wa mpango na utoaji mimba yalivyofika mahakamani na hata kuzaa ukatili dhidi ya wanawake na wahudumu wa afya. Ukiongeza kwamba ndoa nyingi hufungwa kwa mahari ya ng'ombe inayounganisha koo mbili, mimba inakuwa jambo lenye wadai wengi. Inapopotea, watu kadhaa huhisi wanastahili maelezo. Sheria iliyoliita tukio hilo kwa jina la kosa inawapa msamiati wa kuyadai.

Kinga ya nia njema nayo ina utata wa wakati. Mimba haiharibiki kwa hatua moja. Kuna inayotishia kutoka na ikatulia. Kuna ambayo haizuiliki tena ingawa mapigo ya moyo ya kijusi bado yanasikika. Kuna iliyotoka nusu, na kuna ambayo kijusi kimekufa lakini hakijatoka. Katika hatua nyingi kati ya hizi uhai wa mama haujawa hatarini bado. Uko njiani kuelekea hatari. Sheria inayoruhusu tendo kwa ajili ya kuokoa uhai tu inamweka mhudumu katika hali ya kusubiri mgonjwa azidiwe ili tendo lake lipate uhalali. Nia njema, kwa upande wake, huthibitishwa baadaye, mbele ya watu ambao hawakuwapo. Mhudumu mwenye busara ya kujilinda atachelewesha, ataandika kidogo, au atamwelekeza mgonjwa kwingine. Kila moja ya njia hizo humgharimu mgonjwa damu.

5. Mifano miwili kutoka nje ya Juba

Kwamba hofu hii si ya kinadharia inaonekana katika matukio mawili yaliyo katika kumbukumbu za umma. La kwanza ni la pwani ya Kenya. Mwaka 2019, katika Kaunti ya Kilifi, msichana mwanafunzi alikwenda kliniki akiwa na maumivu na kutokwa na damu. Mhudumu aliyemhudumia aliona kuwa mimba ilikuwa imeharibika, akampa tiba. Polisi waliingia kliniki, wakachukua kumbukumbu za matibabu, na wote wawili wakashtakiwa. Machi 2022 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba mashtaka hayo hayakuwa halali. Uamuzi huo ulikatiwa rufaa, na mvutano juu ya upeo wa Katiba ya 2010 katika suala la utoaji mimba uliendelea. Kwa hoja ya makala haya, jambo la msingi ni kwamba Ibara ya 26(4) ya Katiba hiyo inataja wazi hitaji la tiba ya dharura, na bado kanuni ya adhabu yenye maneno ya kikoloni ndiyo iliyofika kliniki kwanza.

La pili ni la Ireland. Oktoba 2012, Savita Halappanavar, mwenye umri wa miaka 31, alilazwa katika hospitali ya Galway mimba yake ikiwa katika wiki ya 17 na ikiwa inaharibika bila kuzuilika. Aliomba imalizwe, ombi halikukubaliwa wakati huo kwa kuwa mapigo ya moyo ya kijusi yalikuwa bado yanasikika. Alifariki tarehe 28 Oktoba kwa maambukizi yaliyosambaa katika damu. Katiba ya nchi hiyo ililinda uhai wa kiumbe kilicho tumboni, na sheria ya adhabu iliyokuwa ikitumika ilikuwa ileile ya mwaka 1861. Ireland ilibadili sheria yake mwaka 2013, kisha ikabadili Katiba kwa kura ya maoni ya mwaka 2018. Hospitali ile ilikuwa na madaktari, dawa na vipimo. Ikiwa utata wa sheria uliweza kuchelewesha tiba hapo, uzito wake ni mkubwa zaidi pale ambapo vipimo ni haba.

Mifano hii inaweka pia mpaka kwa hoja ya makala haya. Kilifi ni nchi ya Kiswahili. Tofauti ya kutoa na kuharibika inajulikana hapo kwa kila mzungumzaji, na haikuzuia kukamatwa. Kwa hiyo haiwezi kudaiwa kwamba neno sahihi peke yake litamlinda mgonjwa. Neno sahihi katika sheria hupunguza nafasi ya dhana, lakini halimzuii mtu aliyekwisha kudhani.

6. Faida ya utata wodini

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo linatoka ndani ya huduma yenyewe. Huduma inayotolewa baada ya mimba kutoka huitwa kwa Kiswahili cha wizara na cha wahudumu huduma baada ya mimba kuharibika. Jina hilo linamjumuisha aliyeharibikiwa na aliyetoa. Mtaalamu wa istilahi anaweza kulilaumu kuwa si sahihi, kwa kuwa mimba iliyotolewa haikuharibika yenyewe. Lakini usahihi huo ungemgharimu nani? Jina lingelazimu kuulizwa swali mlangoni, na mwanamke anayeogopa jibu lake angebaki nyumbani. Hata aliyeharibikiwa kwa kweli angebaki, kwa kuwa hana ushahidi wa kutokuwa na hatia. Utata wa jina hilo ni hisani iliyofichwa katika sarufi.

Ndipo inapoonekana kwamba utata uleule una thamani tofauti kulingana na mahali ulipo. Katika kifungu cha adhabu, utata humfanya asiye na kosa ashukiwe. Katika jina la huduma, humfanya kila mgonjwa apokewe. Wanaopendekeza istilahi moja sanifu kwa sekta zote hawajalizingatia hili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Machi 2022 uliweka huduma kwa waliopoteza mimba na huduma kwa waliotoa chini ya paa moja, na ukapendekeza utoaji mimba uondolewe katika sheria za jinai. Mtu anaweza kutoliafiki pendekezo la pili na bado akaiona hekima ya la kwanza: mgonjwa hutibiwa kwa hali aliyonayo.

Zaidi ya hapo, Juba ina uzoefu wa karatasi inayosimama kati ya mgonjwa na daktari. Fomu Namba 8 ya polisi, iliyorithiwa kutoka Sudan na inayohusishwa na ushahidi wa mashambulio na ubakaji, imeripotiwa mara nyingi kuwa ilidaiwa kabla ya matibabu, hata pale ambapo haikupaswa kuwa sharti. Mazoea ya kuitazama hospitali kama kituo cha kwanza cha upelelezi tayari yapo. Sheria yenye jina lenye utata huyapa mazoea hayo mgonjwa mwingine.

7. Hitimisho na mapendekezo

Uhakiki huu umeonyesha kwamba kosa katika sheria ya Sudan Kusini limepewa jina la tukio lisilo na mtenda, na kwamba jina hilo limerithiwa kutoka maandishi ya 1860 na 1861 bila kuchunguzwa upya. Mapendekezo matatu yanafuata.

Kwanza, toleo lolote la Kiswahili la kifungu hicho, na marekebisho yoyote ya toleo la Kiingereza, yalitaje kosa kwa kitenzi chenye mtenda: kutoa au kuavya. Maneno kuharibika na kuharibikiwa yasitumike kamwe kama jina la kosa.

Pili, sheria iongezwe kauli ya wazi kwamba kutibu mimba inayoharibika au iliyoharibika, katika hatua yoyote, si tendo linalohusika na kosa hilo, na kwamba mhudumu hahitaji kuthibitisha chanzo wala kungoja uhai uwe hatarini. Kauli hiyo haihitaji kwanza kumalizwa kwa ubishi juu ya utoaji mimba. Wanaoupinga na wanaoutetea wanaweza kuitia saini pamoja.

Tatu, katika wodi, jina lenye kujumuisha libaki kama lilivyo. Wakunga wanaofundishwa Juba wafundishwe kuandika kilichoonekana, yaani kiasi cha damu, joto la mwili, mabaki na tiba, na wasiandike dhana ya chanzo. Faili lisilobuni mtenda haliwezi kutumika kumtafuta.

Hakuna lolote katika haya linalohitaji msamiati mpya. Mwanamke aliyepoteza mimba tayari ana kitenzi chake, kilichojengwa kama cha wafiwa. Kazi iliyobaki kwa watunga sheria na wafasiri ni kutomnyang'anya.